Fuvu la huyu, ngozi ya yule: kisa cha kirukanjia ambaye hakuwahi kuishi

Kisa hiki kilitokea katika mkusanyo wa mamalia wa makumbusho moja ya viumbe asilia. Majina ya watu, ya taasisi na ya msitu yameondolewa, na vielelezo viwili vinavyohusika nimeviita A na B. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa mkusanyo, kwa hiyo baadhi ya maamuzi ninayoyapima hapa ni yangu mwenyewe. Nawaandikia wanaofanya kazi na droo, vichupa na lebo, na wanafunzi wanaokuja kupima mafuvu.

Usuli

Kirukanjia, mnyama mdogo mwenye pua ndefu afananaye na panya, akikusanywa kwa ajili ya utafiti, mwili wake hugawanywa. Ngozi huchunwa, hujazwa pamba, hunyooshwa na kukaushwa. Fuvu hutolewa, kisha nyama iliyoganda juu yake huondolewa, mara nyingi kwa kuwaachia mbawakavu wa jenasi Dermestes, ambao huila hadi mfupa ukabaki mtupu. Kuanzia hapo mnyama mmoja ana makao mawili: ngozi hulala kwenye droo ikiwa na lebo iliyofungwa mguuni kwa uzi, na fuvu hukaa ndani ya kichupa cha kioo. Kinachoviunganisha ni namba.

Kwa mnyama mkubwa namba huandikwa kwa wino juu ya mfupa. Fuvu la kirukanjia wa wastani lina urefu wa milimita 20 hivi, na ni jembamba kiasi kwamba ukilishika kwa nguvu linavunjika. Wengi waliotutangulia hawakuthubutu kuliandika. Walitia kikaratasi chenye namba ndani ya kasha lake, wakaishia hapo.

Miaka kadhaa kabla ya kisa, mkusanyo ulihamishwa kutoka makabati ya mbao kwenda makabati ya chuma yenye milango inayoziba barabara. Uhamisho ulikuwa wa lazima: wadudu walao ngozi na manyoya walikuwa wameshaingia kwenye droo, na mkusanyo ulioshambuliwa hivyo hauna miaka mingi. Pamoja na kuhama, mafuvu yalitolewa kwenye vikasha vya karatasi yakatiwa kwenye vichupa vipya, na vikaratasi vilivyofifia viliandikwa upya. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa muda waliopewa mafunzo mafupi. Vikaratasi vya zamani vilitupwa. Hapo ndipo kisa chetu kilipozaliwa, ingawa hakuna aliyejua.

Maelezo machache kuhusu meno, maana kila kitu kinategemea hapo. Katika taya la juu la kirukanjia, kati ya jino kubwa la mbele na jino kubwa la kwanza la kutafunia, kuna safu ya meno madogo ya ncha moja. Jenasi Crocidura, yenye takriban spishi 200 na ambayo hakuna jenasi ya mamalia inayoizidi kwa wingi wa spishi, ina meno hayo matatu kila upande, na jumla ya meno 28 kinywani. Jenasi Suncus na Sylvisorex zina manne kila upande, jumla 30. Mkia nao husaidia: Crocidura na Suncus kwa kawaida wana nywele ndefu zilizotawanyika kwenye mkia, zinazosimama juu ya manyoya mafupi, ilhali Sylvisorex hawana. Ukiunganisha alama hizi mbili, unaweza kuzitenganisha jenasi hizi tatu mezani, bila maabara.

Jino la nne

Mwanafunzi wa uzamivu alikuja kupima mafuvu ya Crocidura kutoka misitu ya milimani. Alitaka kujua kama madume na majike hutofautiana ukubwa kadiri mlima unavyopanda. Alikuwa makini: kila fuvu alilipima mara tatu, kwa siku tofauti.

Wiki ya pili aliniita kwenye hadubini. "Mwalimu, hebu hesabu mwenyewe." Nilihesabu. Kielelezo A, kilichosajiliwa kama Crocidura, kilikuwa na meno manne ya ncha moja, kushoto na kulia. La nne lilikuwa dogo sana, limejibana nyuma ya la tatu, lakini lilikuwapo bila shaka yoyote.

Tulifungua droo ya ngozi. Mkia wa A ulikuwa na nywele ndefu, zinazoonekana hata kwa macho matupu. Meno manne pamoja na mkia wenye nywele ndefu: ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali kuhusu alama za mwili unaokufikisha kwenye jina la mnyama, ukakutoa kwenye Crocidura na kukupeleka moja kwa moja kwenye Suncus. Na katika msitu ule, kwa urefu ule, hakuna Suncus aliyewahi kuandikwa. Rangi ya ngozi haikufanana na Suncus yeyote tuliyekuwa naye wa kulinganisha. Mwanafunzi hakusema "spishi mpya" siku ile, ila sote wawili tulikuwa tunalifikiria neno hilo.

Sitaki msomaji adhani matumaini yale yalikuwa ya kitoto. Vielelezo visivyotambuliwa ni jambo la kawaida katika mikusanyo. Uchunguzi wa Benoît Fontaine na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kwa wastani hupita miaka 21 tangu kielelezo cha kwanza cha spishi mpya kukusanywa hadi spishi hiyo kupewa jina. Olinguito, mnyama wa misitu ya ukungu ya Andes, alitangazwa mwaka 2013 baada ya Kristofer Helgen kukutana na mafuvu na ngozi zake kwenye droo za makumbusho, ambako zilikuwa zimelala kwa miongo mingi chini ya jina la jamaa zake. Mtu anayefungua droo na kuona jino lisilotarajiwa ana haki ya kushtuka.

Maamuzi ya wiki za mwanzo

Mambo matatu yaliamuliwa kwa haraka, na yote matatu yalikuwa na matokeo.

La kwanza, utambulisho wa A ulibadilishwa kwenye hifadhidata yetu, kutoka Crocidura kwenda "Suncus, spishi haijulikani". Aliyefanya hivyo alifuata utaratibu: mtafiti mwenye sifa alikuwa ameandika maoni mapya, na utaratibu ulisema maoni mapya yaingizwe. Hakuna aliyekumbuka kwamba kila mwezi hifadhidata yetu hupeleka taarifa zake GBIF, hazina ya wazi ya data za bioanuai ambayo mtu yeyote duniani anaweza kupakua.

La pili, mkuu wa idara alimhimiza mwanafunzi atume muhtasari kwenye mkutano wa kisayansi ambao siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa imekaribia. Sababu yake ilikuwa ya kibinadamu: alimwona kijana mwenye bidii, akataka asipitwe na nafasi. Muhtasari ulitumwa.

La tatu lilikuwa langu. Mwanafunzi aliomba ruhusa ya kuchukua sampuli ya DNA kutoka kwenye fuvu. Nilikataa. Kielelezo kilikuwa kimoja tu, na kila unachokikata hakirudi. Nilitaka kwanza tujue kila kitu ambacho karatasi zingeweza kutuambia bila kugusa mfupa. Msimamo huo naushikilia hadi leo. Lakini nilikataa kwa barua ya mistari miwili, bila kueleza ninangoja nini wala hadi lini. Kwa mwanafunzi ilionekana kama mlango umefungwa na mtu asiyetaka kusumbuliwa. Alikwenda kulalamika kwa mkuu wa idara, na kwa siku kumi hivi hatukuzungumza vizuri.

Kumtafuta pacha

Kazi ya karatasi ilianza na lebo ya mguuni. Ilikuwa ya asili, ya mkono wa mkusanyaji mwenyewe: namba yake ya uwandani, tarehe, kambi, jinsia, na vipimo vinne alivyochukua mnyama akiwa bado laini, yaani urefu wote, mkia, unyayo wa nyuma na sikio. Kikaratasi ndani ya kichupa kilikuwa cha mkono mwingine kabisa, kwa wino mpya. Kwa hiyo uhusiano wa ngozi na fuvu ulitegemea neno la mtu ambaye hakuwa amemwona mnyama, wala hakuacha nyuma kile alichonakili.

Daftari la uwandani halikuwa kwetu. Lilikuwa kwenye kumbukumbu za taasisi nyingine, na walitutumia picha za kurasa zake. Tulisoma kambi nzima, mnyama kwa mnyama. Katika safari ileile, siku chache baada ya A, mkusanyaji aliandika kirukanjia mwingine kuwa ni Sylvisorex. Huyo ndiye ninayemwita B. Namba za uwandani za A na B zilitofautiana kwa tarakimu moja tu: ya mmoja iliishia na 1, ya mwingine na 7. Mkusanyaji aliiandika 7 yake bila kistari cha katikati. Wino ukififia, 7 yake na 1 yake ni vigumu kuzitenganisha.

Hapo ndipo wazo lilipogeuka. Mpaka siku ile tulikuwa tunauliza, A ni mnyama gani? Swali lilipaswa kuwa, A ni wanyama wangapi? Kama fuvu la A lilikuwa si la A, basi mahali fulani palikuwa na ngozi nyingine inayokaa na fuvu geni. Tuliacha kutafuta kwa spishi, tukatafuta kwa kambi na mkusanyaji.

Tulifungua kabati la Sylvisorex. Ngozi ya B ilikuwa na mkia usio na nywele ndefu, kama ilivyotarajiwa. Kichupa cha B kilikuwa na kikaratasi cha mkono uleule mpya. Mwanafunzi aliweka fuvu chini ya hadubini, akakaa kimya kwa muda, kisha akasogea pembeni ili nami nione. Meno matatu.

Namna kosa lilivyotokea tuliweza kuijenga upya kwa kuwauliza wafanyakazi wa zamani. Kabla ya uhamisho, vikasha vya mafuvu vilipangwa kwa namba za mkusanyaji, si kwa spishi, kwa hiyo A na B walikuwa trei moja. Kibarua aliyekuwa akiandika upya alisoma namba iliyofifia, akaielewa kuwa nyingine. Alipofika kwenye kasha la pili, kwenye orodha yake ilikuwa imebaki namba moja tu isiyo na fuvu, akaiandika hiyo. Kosa la kwanza lilikuwa la jicho. La pili lilitokana na orodha kutaka kukamilika. Na hesabu ya mwisho ilikuwa sahihi kabisa: ngozi zote zilikuwa na mafuvu, mafuvu yote yalikuwa na ngozi.

Kipimo

Sasa niliruhusu sampuli, na safari hii tuliandika pamoja kitakachochukuliwa, wapi, na jibu gani lingetufanya tubadili mawazo. Tuliamua kuchukua kutoka sehemu nne: ngozi ya A, fuvu la A, ngozi ya B na fuvu la B. Kwenye ngozi tulichukua kipande kidogo sana ukingoni mwa mshono wa tumbo, mahali ambapo hakuna alama ya utambuzi. Kwenye mafuvu tulikwangua mabaki ya nyama kavu yaliyokuwa yamejishika nyuma, bila kugusa jino wala mfupa. Glavu zilivaliwa muda wote, kwa usafi wa sampuli na kwa afya yetu pia, maana ngozi nyingi za zamani zilipakwa aseniki kuzuia wadudu, na sumu hiyo haiishi kwa kupita miaka.

Bahati ilikuwa upande wetu kwa jambo moja. Vielelezo hivi vilikaushwa, havikutiwa formalini, ambayo hufunga DNA na protini pamoja na kuifanya kazi ya maabara kuwa ngumu zaidi. Hata hivyo DNA ya ngozi kavu ya zamani huwa imekatikakatika, kwa hiyo maabara ililenga vipande vifupi vya saitokromu b, jeni inayotumika kutenganisha spishi, katika chumba ambacho hakiingizwi mnyama mbichi, na kwa vichupa vitupu vya ulinganisho kila hatua.

Ngozi ya A ilikuwa Crocidura. Fuvu la A lilikuwa Sylvisorex, na mfuatano wake ulilingana kabisa na ule wa ngozi ya B. Fuvu la B halikutoa chochote, mara mbili.

Matokeo

Kirukanjia wa Suncus aliyeonekana kuishi kwenye ule msitu hakuwahi kuwapo. Muhtasari wa mkutano uliondolewa. Mwanafunzi alipoteza nafasi hiyo, na ilimuuma. Wasimamizi wanaosoma kisa hiki wasiipuuze gharama hiyo kwa sababu tu haionekani kwenye bajeti.

Rekodi ilirekebishwa kwetu na kwenye GBIF. Lakini rekodi ya kosa ilikuwa imeshapakuliwa, na mtafiti mmoja wa mbali alikuwa ameiweka kwenye rasimu ya ramani ya mtawanyiko wa Suncus. Tulimwandikia, akaiondoa. Waliopakua bila kutuandikia hatuwezi kuwafikia.

Tulipitia vichupa vyote vya virukanjia vyenye mwandiko ule. Tulipata jozi nyingine chache ambazo meno na mkia vilipingana, na kila moja tuliitafutia pacha wake kwa njia ileile. Ila njia hii ina kikomo kikubwa: inaona tu mabadilishano yaliyovuka jenasi. Fuvu la Crocidura likikaa na ngozi ya Crocidura mwingine, meno ni matatu kwa matatu, na hakuna kinacholia. Hili liliigusa tasnifu yenyewe ya mwanafunzi. Utafiti wake ulipima mafuvu na kusoma jinsia kwenye lebo ya ngozi. Fuvu la dume likikaa na ngozi ya jike, tofauti aliyokuwa anaitafuta ingefifia bila yeye kujua. Aliamua kuacha mafuvu yote ambayo namba yake ilikuwa kwenye kikaratasi kipya peke yake, akabaki na yale yenye namba ya wino juu ya mfupa au kikaratasi cha asili. Idadi ilipungua sana, na sura ile ya tasnifu ikabadilika kuwa fupi na ya tahadhari.

Uchambuzi

Nianze na kilichonifundisha zaidi. Ufunguo wa utambuzi huchukulia kwamba umeshika mnyama mmoja. Kila hatua yake inauliza swali kuhusu sehemu ya mwili, na inaamini kwamba sehemu zote ni za mwili uleule. Ukiulisha meno ya huyu na mkia wa yule, hautakataa. Utakupa jibu, tena jibu safi. Kwa hiyo uhusiano wa ngozi, fuvu na lebo ni dai linalohitaji ushahidi kama dai jingine lolote, na ushahidi wake ni nani aliandika, lini, akinakili kutoka wapi. Sisi tulikagua jino kwa hadubini na hatukukagua kikaratasi hata kwa jicho, ingawa wino wake mpya ulikuwa mbele yetu tangu siku ya kwanza.

Jambo hili si la vichupa vidogo tu. Kiunzi mashuhuri cha dinosaria aitwaye Apatosaurus katika makumbusho ya Carnegie, Pittsburgh, kilisimama kwa miongo kadhaa kikiwa na kichwa kisicho chake, cha umbo la dinosaria mwingine, Camarasaurus, hadi kilipobadilishwa mwaka 1979. Vizazi vya wageni vilimjua mnyama ambaye hakuwa hivyo.

Kuchukua sampuli kwenye ngozi na kwenye fuvu, kwa vielelezo vyote viwili, ndiko kulikotuokoa. Ombi la awali lilikuwa la fuvu la A peke yake. Tungelikubali, jibu lingekuwa Sylvisorex. Tungebaki na Sylvisorex mwenye mkia wa nywele ndefu, yaani mnyama wa ajabu kuliko yule wa kwanza, safari hii akiwa na muhuri wa DNA. Kipimo cha gharama kubwa kingeuimarisha uongo.

Lebo za mguuni zilifanya kazi yake kwa sababu hakuna aliyewahi kuziondoa. Vikaratasi vya vichupa vilishindwa kwa sababu hiyohiyo ikigeuzwa: vilisafishwa. Siwalaumu vibarua. Waliambiwa waandike upya kilichofifia, wakaandika. Hakuna aliyewaambia waache cha zamani ndani, hakuna aliyesoma namba mara ya pili nyuma yao, na orodha waliyopewa iliwasukuma kuziba pengo badala ya kuliripoti. Laiti ingekuwapo safu ya "sijaweza kusoma", nadhani kibarua yule angeitumia.

Kuhusu hifadhidata, tumetenganisha sasa vitu viwili tulivyokuwa tumevichanganya: maoni ya mtafiti, ambayo huandikwa mara moja, na utambulisho unaokwenda nje, ambao husubiri mtu wa pili. Mkuu wa idara alipinga mwanzoni kwa hofu ya kuchelewa, na hofu yake ina msingi. Tayari tuna foleni.

Na kukataa kwangu. Kulikuwa sahihi kwa kielelezo na kubaya kwa mtu. Siku zile kumi za ukimya ndizo ambazo muhtasari ulitumwa. Ningelimkalisha na kumwambia, "Nipe wiki tatu, nangoja daftari la uwandani, na hiki ndicho ninachokiogopa," huenda angengoja. Sasa kila ombi la sampuli hujibiwa kwa sababu na tarehe, na mwombaji hualikwa kusoma karatasi pamoja nasi.

A na B wako droo moja sasa, ingawa ni wa jenasi mbili, na vichupa vyao vimerudishana. Ndani ya kila kichupa mna vikaratasi viwili: kile chenye kosa, kilichopigwa mstari mmoja unaoacha namba isomeke, na kipya chenye tarehe na jina la aliyeandika. Cha fuvu la A kinasema limethibitishwa kwa DNA kuwa la ngozi ya B. Cha fuvu la B kinasema "inadhaniwa kuwa la ngozi ya A", kwa sababu fuvu hilo halikutupa jibu. Mwanafunzi ndiye aliyeng'ang'ania neno hilo "inadhaniwa", na nililiandika kama alivyotaka.